Kichanga asipakwe kafuri puani wala asinyweshwe dawa ya gesi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na kina mama waliojifungua hivi karibuni, na zaidi niseme na kina bibi na mama wakwe wanaowauguza, maana wao ndio wenye kauli ya mwisho chumbani kwa mzazi. Nimekuwa muuguzi mkunga hapa Tanga kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Sasa nimestaafu, lakini mtoto wa jirani akilia usiku bado napigiwa hodi.

Malalamiko ni yale yale. Mtoto ana wiki mbili au tatu, anakoroma puani, ananyonya kidogo na kuachia, anajinyonganyonga, anakunja magoti, analia mpaka sauti inakauka. Nyumba nzima imeshaamua kuwa ni chango, yaani tumbo linamsokota. Nikifika nakuta kapakwa dawa ya kuchua yenye kafuri, kuanzia kifuani hadi chini ya pua. Kanyweshwa kijiko cha dawa ya gesi. Pembeni kuna chetezo kinafuka ubani, madirisha yamefungwa, na mtoto kavishwa kofia, soksi na blanketi juu, katika joto letu hili.

Kichanga hupumua zaidi kwa pua, na njia zake za pua ni nyembamba mno, kiasi kwamba ute kidogo tu unatoa sauti kubwa. Mkoromo na chafya za wiki za mwanzo, kama mtoto ananyonya vizuri, si ugonjwa. Lakini pua ikiziba kweli, hawezi kunyonya huku anapumua. Anaachia titi, anavuta hewa kwa mdomo, anarudi kwa pupa, anameza maziwa pamoja na hewa. Hewa hiyo inashuka tumboni, na baada ya muda ndiyo hiyo inayomkunjisha magoti. Watu wanahangaika na tumbo kumbe shida imeanzia puani.

Basi tuanze na pua. Duka la dawa linauza matone ya maji ya chumvi ya watoto, yaliyopimwa tayari. Msikoroge chumvi wenyewe nyumbani, maana kipimo kinazidi. Kabla ya kunyonyesha, mlaze mtoto chali, tia tone moja au mawili kila tundu, subiri kidogo ute ulainike, kisha futa kwa kitambaa safi kile kilichotoka nje. Msiingize pamba wala kijiti. Na ile desturi ya bibi kumnyonya mtoto kamasi kwa mdomo tuiache, kwa sababu mtu mzima anampa mtoto mafua yake mwenyewe. Chetezo na dawa ya mbu ya kuwasha vitoke chumbani, dirisha lifunguliwe.

Wakati wa kunyonya, tazama mdomo wa mtoto. Akishika ncha ya chuchu tu utasikia anabofya ulimi, na kila mlio ni hewa inaingia. Mdomo uwe wazi, ameze na sehemu kubwa ya ule weusi unaozunguka chuchu, kidevu kiguse titi. Akimaliza upande mmoja, mkalishe pajani, kifua chake kikae kwenye kiganja chako na taya lishikwe kwa vidole bila kugusa koo, halafu mpapase mgongo kutoka chini kwenda juu, polepole. Wengine hubeua mara moja, wengine huchukua muda, wengine hawabeui kabisa na hawana shida. Mama mmoja kijana alikuwa akimpiga mwanawe mgongoni kwa nguvu kwa sababu mtoto hakubeua. Nikamshika mkono, nikauweka tu juu ya mgongo wa mtoto bila kupiga, nikamwambia atulie. Mtoto akabeua, maziwa kidogo yakamwagika begani, akalala.

Gesi iliyokwisha shuka hutolewa kwa mikono. Mlaze chali, kunja magoti yake taratibu kuelekea tumboni, nyoosha, rudia, kama mtu anayeendesha baiskeli. Pasha viganja, mpake mafuta ya nazi, zungusha tumboni kuelekea upande inakozunguka mishale ya saa. Bibi zetu walijua kukanda na sina ugomvi nao hapo. Hata mvuje, ile dawa ya asili yenye harufu kali, ukifungwa kwenye kitambaa mkononi mwa mtoto, mimi nanyamaza. Ukikorogwa kwenye maji akanyweshwa, hapo sinyamazi. Mtoto wa umri huu hanywi kitu isipokuwa maziwa ya mama, hadi miezi sita. Asali ndiyo kabisa, ina vijidudu vinavyoweza kumlegeza mwili hadi pumzi, haifai kabla ya mwaka mmoja. Ile dawa ya gesi iitwayo Gripe Water, tunayoiona kama dawa ya wazee wetu, ilianzia Uingereza mwaka 1851, na kwa miaka mingi ilikuwa na kileo na sukari ndani. Mtoto alinyamaza, ndiyo, lakini tujiulize alinyamazishwa na nini. Na kafuri ikiingia mwilini mwa kichanga inaweza kumletea degedege.

Kuna kilio kingine ambacho hakina dawa. Huzidi jioni, hufika kileleni mtoto akiwa na wiki sita hivi, na hupungua chenyewe kati ya mwezi wa tatu na wa nne. Mama akichoka, mtoto apokelewe na mwingine, baba akiwemo. Kama hakuna mtu, amlaze chali mahali salama, atoke nje avute pumzi. Mtoto asitikiswe hata siku moja. Ubongo wake unaumia.

Kujua kama mtoto anaumwa kweli, pandisha fulana yake akiwa ametulia, tazama tumbo linavyopanda na kushuka, hesabu kwa dakika nzima kwa saa ya simu. Ikifika pumzi 60 au zaidi, rudia kuhesabu. Ikibaki hivyo, nenda hospitali. Nenda pia kama ngozi ya chini ya mbavu inabonyea ndani anapovuta hewa, amekataa titi, amelegea, anatapika kijani, tumbo limejaa na kuwa gumu, ana degedege, joto limefika nyuzi 37.5 au mwili umepoa. Msingoje asubuhi, na msimpeleke kwa mtu wa kukata kilimi, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Nimepokea watoto waliokatwa kilimi kwa ajili ya kikohozi, wanavuja damu, na kikohozi bado wanacho.

Naziomba wodi za wazazi zimwite ndani yule bibi anayesubiri nje na beseni, aonyeshwe haya yote pamoja na mama kabla hawajaruhusiwa. Na wenye maduka ya dawa, mtu akiulizia dawa ya mafua ya mtoto, swali la kwanza liwe umri. Kama hajatimiza miezi miwili, asiuziwe dawa ya kikohozi ya maji wala kidonge cha kusaga. Auziwe matone ya maji ya chumvi, na aelekezwe zahanati iliyo karibu.

Mkunga mstaafu,
Makorora, Tanga