Ukipigiwa Windows, dai akaunti mbili

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako tuseme na wanaonunua kompyuta kwa mara ya kwanza, pamoja na mafundi wenzetu wanaowapigia Windows, yaani kuwawekea mfumo huo unaoendesha kompyuta.

Akaunti ya kwanza kufunguliwa Windows inapowekwa huwa ya msimamizi, mwenye ruhusa ya kugusa karibu kila kitu. Ndivyo ilivyo hata kwenye Windows 11. Fundi huipa jina la "User" au "PC", mara nyingi bila neno la siri, na mteja anaondoka nayo hivyohivyo. Kuanzia hapo barua zinachapwa, flashi za watu zinachomekwa, filamu zinashushwa, yote kwa ruhusa ile ile ya msimamizi.

Tangu Windows Vista ya mwaka 2007, programu inayotaka ruhusa hiyo husimamishwa kwanza: skrini inafifia na linatokea swali. Aliye kwenye akaunti ya msimamizi anabofya "Yes" tu, na kidole kikishazoea hakisomi tena. Kwenye akaunti ya kawaida, isiyo na ruhusa hiyo, swali hilohilo linadai neno la siri la msimamizi, kwa hiyo mtoto, mfanyakazi au wewe mwenyewe mwenye haraka mnalazimika kutulia. Tazama pia rangi ya ukanda wa juu: katika Windows 10 na 11, wa njano maana yake Windows haimtambui aliyetengeneza programu hiyo.

Kinachoumiza wengi ni kraki, yaani kiprogramu cha kufungua programu ya kulipia bila kuilipia. Huja na maelekezo: zima antivairasi kwanza, kisha fungua kama msimamizi. Hapo imekwisha kukuambia yenyewe ni kitu gani. Ikipata ruhusa, inaweza kuingiza folda yake kwenye orodha ya zile ambazo Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, haizikagui, ikafuta nakala ambazo Windows huziweka kwa ajili ya kurejesha mafaili, kisha ikajipanga kuamka kila kompyuta inapowaka, kabla hujaingia. Utakapoiwasha tena antivairasi, itaipita folda ile kama haipo.

Dawa huchukua dakika kumi: unafungua akaunti mpya ya msimamizi, na ile unayotumia kila siku unaishusha iwe ya kawaida. Fungua "Settings", "Accounts", kisha "Other users" (kwenye Windows 10 ni "Family & other users"), uongeze mtu. Ukiombwa barua pepe, chagua "I don't have this person's sign-in information", halafu "Add a user without a Microsoft account". Andika jina na neno la siri. Bofya jina hilo, "Change account type", "Administrator". Sasa toka, uingie kwa akaunti mpya uhakikishe neno la siri linakubali, na ukiwa humohumo uibadilishe ile ya zamani iwe "Standard User". Wengi hufanya kinyume: hufungua akaunti mpya ya kawaida, kisha wanahangaika kuhamisha picha na nyaraka. Ukiishusha ya zamani, hakuna kinachohama.

Neno la siri liandike kwenye karatasi, uifungie kabatini. Si kwenye stika chini ya kioo!

Programu za zamani za mahesabu huweza kugoma, kwa kuwa huandika data ndani ya "Program Files", folda ambayo akaunti ya kawaida hairuhusiwi kuiandikia. Usimrudishie karani usimamizi kwa sababu hiyo. Bofya folda ya programu hiyo kwa kitufe cha kulia, "Properties", "Security", "Edit", chagua "Users" na uweke alama kwenye "Modify". Folda hiyo moja tu.

Akaunti ya kawaida nayo haizuii kila kitu. Kirusi kinachofunga mafaili kwa kudai fidia bado kitafunga yaliyo ya akaunti hiyo, na maneno ya siri uliyohifadhi kwenye kivinjari yanaweza kuibwa bila usimamizi wowote. Nakala ya akiba ikae kwenye diski ya nje, na diski ichomolewe ukimaliza.

Wanaotumia Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, wasicheke. Anayeanza hunakili amri asiyoielewa, kama sudo chmod -R 777 /, akidhani anaondoa usumbufu wa ruhusa. Hapo sudo ndiyo inayotoa ruhusa ya msimamizi, na sehemu iliyobaki inafungulia kila mtu mafaili yote ya mfumo. Amri hiyo inapita kwenye faili la sudo lenyewe na kulivua alama inayolipa nguvu, hivyo huwezi kuitumia sudo kurekebisha ulichoharibu. Mara nyingi unaishia kuweka mfumo upya.

Na ukipeleka kompyuta kwa fundi, mpe neno la siri la msimamizi akilihitaji. Ukiichukua, libadilishe siku hiyohiyo, kisha rudi "Other users" uone kama kuna jina usilolijua.

Mafundi wa kompyuta,
Dar es Salaam