Oksijeni nayo ni dawa

Mhariri,

Katika miaka niliyohudumia watoto wachanga, niliwaona wauguzi wenzangu wakihakiki jina la mgonjwa, dawa, dozi, njia na saa kabla ya kuchoma sindano, kisha wakafungua oksijeni kwa mazoea, kana kwamba haiwezi kudhuru. Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 32, Shirika la Afya Duniani linaelekeza oksijeni katika damu iwe kati ya asilimia 88 na 95, isizidi hapo, kwa kuwa ikizidi huweza kuharibu mishipa ya damu ya jicho na kumpofusha. Nakumbuka mama mmoja aliyefurahi kipimo cha oksijeni kilichofungwa mguuni mwa mwanawe kiliposoma asilimia 100, na hakuna hata mmoja wetu aliyeshtuka. Hilo linaniuma hadi leo.

Naomba viongozi wa hospitali wahakikishe kila wodi ina kipimo hicho, na kwamba oksijeni inaandikwa kwenye karatasi ya dawa: lita ngapi kwa dakika, kwa kifaa gani, kiwango kinacholengwa, na saini ya aliyeifungua.

Muuguzi mstaafu,
Tanga