Matoleo ya zamani ya programu msiyafute

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Ukurasa wenu wa teknolojia nausoma kila wiki na nashukuru, ila kila nikifungua ni simu mpya, laptopu mpya, na vijana ninaokaa nao jioni hapa Mwanza wanaishia kuamini kwamba bila kifaa kipya hufanyi kitu, na hilo linaniuma kweli.

Sisi tunachora kwa Processing, ile programu ya bure waliyoianzisha Casey Reas na Ben Fry mwaka 2001 ili hata wasanii waweze kuiamrisha kompyuta. Mashine yetu ni ya mezani, ya biti 32, yaani ya aina ya zamani. Kijana mmoja alihangaika siku mbili na toleo la 4, likagoma, akasema mashine imekufa. Haijafa jamani, toleo la 4 kwenye Windows linataka biti 64, basi. Tukaweka 3.5.4, tukaongeza maktaba ya video, yaani nyongeza ya kuisomesha kamera, tukaandika amri ya Capture.list() ikatutajia kamera iliyochomekwa na saizi zake, tukachagua 640 kwa 480, picha ikaja bila kukwama.

Halafu ikaja shida ya taa. Chumbani tuna taa za tyubu, na kwenye picha kulikuwa na mistari ya giza inapanda taratibu kutoka chini kwenda juu, sasa kuna binti alikuwa anapunga khanga mbele ya kamera ili rangi zimfuate kwenye skrini, rangi zikawa zinafuata mistari na khanga zimeiacha, maana programu inalinganisha picha hii na iliyotangulia, chochote kilichobadilika inakihesabu kimesogea. Kumbe umeme wetu ni hezi 50, yaani mapigo 50 kwa sekunde, na kamera ilisetiwa 60, kama ya Marekani. Tukaingia kwenye setingi za kamera, tukaweka 50, mistari ikaisha hapohapo. Na ile ya kamera kujirekebisha mwanga yenyewe nayo zimeni, la sivyo kitambaa cheupe kikipita tu picha nzima inafifia na programu inaona chumba chote kimecheza. Yule binti alipunga khanga yake mpaka saa mbili usiku, hakutaka kwenda nyumbani.

Sasa ombi langu ni hili, wanaosafisha kompyuta za maofisini na mashuleni wasifute mafaili ya kuinstolia ya zamani. Wekeni kwenye flashi, andikeni na namba ya toleo. Kinect ya kwanza, ile kamera ya mashine ya michezo ya Xbox 360 iliyotoka 2010, kwenye Windows inataka SDK 1.8, yaani programu ya kuiunganisha na kompyuta, ukiiwekea 2.0 haiitambui kabisa kwa sababu hiyo ni ya Kinect iliyofuata, na mtu asiyejua anaitupa kamera nzima inayopima hadi umbali wa mtu aliyesimama mbele yake! Mimi ya kwangu niliikuta kwenye mtumba, kinachokosekana ni ile adapta yake yenye moto wa volti 12 na kichwa cha USB.

Na nyie mhariri, mkitutengea hata robo ukurasa kwa mambo haya, kwa Kiswahili, namba za matoleo na setingi zikiwa zimeandikwa wazi, nitaukata niubandike ukutani pale tunapokaa.

Msomaji wenu,
Mwanza