Juan Garrido, mpanda ngano

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako kuhusu insha yako juu ya Juan Garrido nimeupata, na furaha yako naielewa. Mwafrika mweusi katika jeshi la Mhispania Hernán Cortés lililoiteka Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki huko Meksiko, mwaka 1521! Sisi enzi zetu tulikaririshwa Cortés na Pizarro, Mhispania aliyeiteka Peru, basi.

Ila usimvike taji haraka. Garrido alitoka Afrika Magharibi, akafika Lisbon, akabatizwa huko, kwa hiari yake kama anavyosema mwenyewe. Kisha Hispania, kisha visiwa vya Karibi, na mwaka 1513 akafuatana na mvumbuzi wa Kihispania Juan Ponce de León hadi Florida.

Mimi humtazama zaidi baada ya vita. Kando ya barabara ya Tacuba, njia ya kutoka Tenochtitlan, walikouawa Wahispania wengi wakikimbia usiku mwaka 1520, alijenga kikanisa. Husimuliwa kwamba Cortés alikuta punje tatu za ngano kwenye gunia la mchele, akampa Garrido azipande. Punje tatu, mwanangu! Kuku mmoja angezimaliza kabla hujageuka. Zikaota, naye akajihesabu wa kwanza kupanda na kuvuna ngano katika Meksiko ya Wahispania.

Huyohuyo alikuwa na watumwa, akawapeleka kuchimba dhahabu. Hilo usiliruke kwenye insha yako. Na kwa Waazteki alifika pamoja na wavamizi, tena na silaha mkononi.

Mwaka 1538 alipeleka ombi kwa mfalme wa Hispania. Anataja miaka 30 ya utumishi, Puerto Rico, Kuba, Florida, Meksiko, bila mshahara wala kugawiwa wenyeji wa kumtumikia. Ana mke na watoto watatu, na hali ni ngumu. Wakuu wa Jiji la Meksiko walikuwa wamempa ubawabu wa baraza lao, na kwa muda ulinzi wa mfereji wa maji wa Chapultepec. Fikiria: amepigana bega kwa bega na waliopewa vijiji vizima, yeye anafungua na kufunga mlango wao. Namwonea huruma hapo. Halafu nasoma tena anacholalamikia, kwamba hakupata fungu lake la watu wa kutumikishwa, na huruma inapungua.

Ombi lenyewe ni fupi. Kama maktaba ya chuo chenu ina tafsiri yake, nipigie picha kurasa zote, hata zenye majina ya mashahidi. Na usilale na njaa kwa sababu ya vitabu.

Mama yako