Matundu madogo, maumivu si madogo

Ndugu Mhariri,

Mwanamke anayeondolewa uvimbe wa kifuko cha mayai kwa upasuaji wa matundu madogo hudhaniwa hataumia sana, kwa kuwa vidonda vyenyewe ni vya sentimita moja au pungufu. Basi hupewa fentanili, dawa kali ya kutuliza maumivu, wakati wa kulazwa usingizi na kuachwa hivyo. Ampuli moja, yaani mikrogramu 100, hutuliza kwa nusu saa hadi saa moja tu. Kazi ikivuka hapo, anazinduka akiwa hana kinga yoyote.

Ndipo mofini, dawa nyingine kali ya maumivu ambayo ikizidi hupunguza pumzi, inapokimbiliwa, na hapo kuna hatari tunayoomba ieleweke. Mofini ya mshipani huchukua takriban dakika 20 kufikia kilele. Mgonjwa analia, anachomwa. Dakika tano baadaye bado analia, anaongezwa. Dozi zote mbili zinakuja kukolea pamoja akiwa ameshapelekwa wodini, mahali ambapo hakuna anayehesabu pumzi zake. Kwa mama wa kilo 60, miligramu 3 hadi 6 za mofini zitangulie nusu saa kabla ya upasuaji kwisha. Ziende na parasetamo gramu 1, na diklofenaki miligramu 75 ikiwa figo ni nzima, hana vidonda vya tumbo wala havuji damu. Daktari wa upasuaji naye achome ganzi kwenye matundu: bupivakaini ya asilimia 0.25, mililita 20, ni miligramu 50 tu, chini kabisa ya kikomo chake.

Maumivu ya bega ni jambo jingine. Yanatokana na kabonidayoksaidi iliyobaki tumboni na kuwasha kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Kabla bomba la mwisho la upasuaji halijachomolewa tumboni, vali yake ifunguliwe, tumbo likandamizwe taratibu, na mapafu yajazwe kwa pumzi chache ndefu ili gesi isukumwe nje. Hatua hii hurukwa mno, ilhali haigharimu kitu.

Kichefuchefu nacho kisingojewe. Mwanamke asiyevuta sigara na atakayehitaji mofini baada ya upasuaji ana uwezekano wa karibu asilimia 60 wa kukipata. Ili kukizuia, deksamethasoni miligramu 8 apewe akiwa ameshalala, maana akiwa macho humwasha vibaya sehemu za siri. Ondansetroni miligramu 4 ifuate mwishoni.

Mwisho, naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya mofini, iwe mezani kabla mofini haijafunguliwa. Mikrogramu 400 zichanganywe na maji ya chumvi zifike mililita 10, kisha itolewe mililita moja moja kila dakika mbili tatu, hadi apumue vizuri. Ikimiminwa yote kwa mpigo, maumivu hurudi ghafla na presha hupanda. Tena nguvu yake huisha mapema kuliko ya mofini, kwa hiyo aliyepewa asiondolewe chumba cha uangalizi kwa sababu tu ameamka. Pumzi zake ziendelee kuhesabiwa kwa saa kadhaa.

Wataalamu wa dawa za usingizi