Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama wa kikundi cha wafugaji sungura, mwaka 2024

Wanachama wenzangu, mlio hapa na wale mtasoma kwa WhatsApp kama kawaida yenu, salamu. Mikutano tulifanya, Ngong tulienda kuangalia madume, sungura tuliuza, hayo mnayajua sirudii.

Nataka tuongelee ile maneno ya waya tulionunua wa kuweka sakafu ya vibanda vya sungura, kwa sababu nasikia eti mwenyekiti amekula pesa. Pesa ni shilingi 46,800, risiti ziko kwa treza, mweka hazina wetu. Mwezi wa nne mvua ikizidi tulipoteza vitoto vya sungura 31 kwa wiki mbili, tumbo zimefura, wanaendesha, na karibu wote walikuwa wametolewa kwa mama juzi tu. Nilizunguka vibanda vyote kwa miguu, Kawangware mpaka Kangemi, na pahali pengi nikapata kitu kimoja, vitoto vimekalia mavi yao. Sakafu ya mbao inashika mkojo, ile harufu kali inachoma mapafu, na koksidia, vile vijidudu vya tumbo, inatoka kwa mavi inarudi mdomoni na chakula, na kitoto cha wiki sita hakiwezi nayo kama sungura mkubwa. Waya wa nusu inchi kwa inchi moja unaachilia mavi yaanguke chini, basi. Sasa ningengoja mitingi inayokuja watu 9 kati ya 34? Ndio, hatukupiga kura, nakubali. Lakini tangu tufunge waya vibanda 12 tumepoteza vitoto 4, mwenye hesabu ingine alete.

Na kabichi za kuokota sokoni Marikiti, tafadhali, msiwape vitoto. Kitoto kinataka nyasi kavu mbele yake mchana na usiku, maji safi, majani yaliyoanikwa yakanyauka kidogo, pelleti, kile chakula cha vidonge cha kununua, unaongeza polepole, si kubadilisha chakula siku ile ile unamwachisha kunyonya. Nilisema haya Februari. Mlikuwa 7.

Mchango ni 200 kwa mwezi lakini watu 19 hawajamaliza, jumla 27,400 iko mifukoni mwenu, na hao hao ndio wanauliza pesa ya waya ilitoka wapi. Mmoja hajalipa tangu Machi, sungura wake wakaugua akataka kikundi kimsaidie, nikampelekea nyasi kwa pesa yangu, na sisemi ili nisifiwe.

Mwaka ujao Mungu akipenda tutaangalia vile bei ya pelleti itashuka, labda tununue pamoja, labda tupate mashine, tutaona. Uchaguzi ni Jumamosi ya kwanza ya Februari saa nane, na saa nane si saa kumi. Anayetaka hiki kiti akuje achukue, lakini alipe kwanza.