Masaji ya mawe ya moto si ya wazungu tu

Mhariri, naomba kanafasi. Juzi nilikuwa Nungwi, Zanzibar, mgongo umekaza kwa basi la toka Mbeya mpaka Dar halafu boti, nikasema ngoja nijaribu hii masaji ya mawe ya moto. Jamani! Ni yale mawe meusi ya volkano, basalti, yanatunza joto muda mrefu, wanayapasha kwenye maji, dada anakupaka mafuta ndo anayatelezesha mgongoni taratibu, mi nikakoroma kabisa. La kwanza lilinichoma kidogo nikaruka (likizidi we sema tu, usione aibu). Sasa wabongo mnaosema ni mambo ya wazungu, kwani bibi zetu hawakuwakanda wazazi kwa maji ya moto? Bei tu ndo watupunguzie wenyeji.

Msomaji wenu, Mbeya